Mwanangu, Eichel hakuwa msaliti

Mwanangu Amani,

Ujumbe wako nimeupata kupitia kwa dada yako, na ile fulana nimeiona kabatini. Namba 9, jina la Eichel mgongoni, yule mchezaji wa hoki ya barafuni aliyewaacha Sabres, timu yetu ya hapa Buffalo, uliyoagiza niitupe nikisafisha chumba chako. Sijaitupa. Uliinunua kwa mshahara wako wa kwanza, na mimi situpi kitu kizima kwa sababu ya hasira za mtu. Ila si fulana iliyonikalisha niandike. Ni habari za mgongo wako. Dada yako anasema tangu uinue lile boksi ghalani unalala sakafuni, wenzako wamekushauri uombe kuhamishiwa meza ya kuskani mizigo, nawe umekataa. Eti hutaki kuikimbia timu yako kama Eichel.

Haya, tumzungumze Eichel, kwa kuwa unamjua kuliko unavyowajua wajomba zako.

Unasema alitukimbia. Nani alimwita? Msimu wa 2014–15 wewe na rafiki zako mlikuwa mnaomba Sabres wafungwe. Nilidhani mmerukwa na akili. Kule Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, timu ya kambini ikifungwa watu walikuwa hawali usiku ule. Ukanieleza kwamba ligi ikigawia timu vijana wapya, itakayoshika mkia haitakosa kijana mmoja kati ya wawili hodari, Connor McDavid au Jack Eichel. Machi 2015 Arizona wakafunga goli la ushindi katika muda wa nyongeza, hapa hapa Buffalo, na uwanja ukalipuka kwa shangwe. Watu wametoa hela za kiingilio waje kushangilia kufungwa kwao! Kisha bahati nasibu ikawapa Edmonton nafasi ya kwanza, wakamchukua McDavid, nasi tukapata Eichel, kijana wa miaka 18 kutoka Massachusetts. Hakutuchagua, mwanangu. Kwenye ligi ile kijana hutajiwa mji atakaokwenda, akavishwa kofia, akatabasamu mbele ya kamera.

Najua utanijibu kwamba mwaka 2017 alisaini kwa mkono wake: miaka minane, dola milioni 80. Kweli, alisaini, na mtu anayelipwa hela hizo anadaiwa jasho. Alilitoa. Alicheza hapa misimu sita, makocha wakija na kuondoka, na timu haikuingia hatua ya mtoano hata mara moja.

Machi 2021 akaumia shingo kwenye mechi dhidi ya Islanders. Diski iliyo kati ya pingili ilichomoza. Hapa soma taratibu, maana ndipo wewe na wenzako mnaporuka. Kupumzika kuliposhindwa kumponya, upande wa timu ulitaka afanyiwe upasuaji wa kuunganisha pingili, ambao wachezaji wengine walishafanyiwa na wakarudi uwanjani. Yeye alikwenda kuuliza madaktari wake, akarudi akitaka awekewe diski bandia ili shingo iendelee kujikunja. Alihofia kwamba pingili zikiunganishwa, za jirani zitabeba mzigo wote, na baada ya miaka atarudi tena kwenye kisu. Hakuna mchezaji wa NHL, ligi yao hiyo, aliyewahi kuwekewa diski ya namna hiyo, na timu ikakataa. Mkataba wa hali bora kati ya ligi na chama cha wachezaji uliipa klabu neno la mwisho juu ya matibabu ya jeraha. Yaani shingo ni yake, uamuzi ni wa mwajiri.

Unajua kazi yangu. Kuna bibi mmoja pale ninapohudumu ambaye pingili zake kadhaa za shingo ziliunganishwa zamani. Ukimwita kutoka pembeni hageuzi kichwa. Anashika mkono wa kiti, anageuza mabega, kiuno, mpaka miguu, ndipo anakuona. Nimejifunza kusimama mbele yake kabla ya kusema neno. Sisemi Eichel angekuwa hivyo, yake ilikuwa diski moja tu. Lakini kijana wa miaka 24 akisema anataka kwanza kujua shingo yake itakuwaje akizeeka, mimi simwiti mkaidi.

Na alibakiwa na nini mkononi? Mei aliwaambia waandishi kwamba yeye na timu hawaelewani. Julai mawakala wake wakatoa tamko kwamba mambo hayaendi. Septemba akavuliwa unahodha. Miezi ikaenda, shingo haijatibiwa, hachezi. Neno pekee alilobakiza ni "niacheni niende". Tarehe 4 Novemba 2021 Sabres wakampeleka Vegas, ambao walikubali upasuaji anaoutaka, na siku chache baadaye akapasuliwa. Februari alikuwa uwanjani. Juni 2023 Vegas wakachukua Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi, naye akiwa ameongoza wachezaji wote kwa pointi katika mtoano, 26. Hata hivyo sikuambii kwamba alikuwa sahihi kwa kuwa alishinda. Hata angerudi na kukaa benchi, shingo ingekuwa yake.

Sikatai kwamba mliumia. Machi 2022 aliporudi hapa na Vegas nilikusikia sebuleni ukimzomea kupitia televisheni, kana kwamba atasikia. Kila akigusa kile kisahani cheusi uwanja mzima unamzomea. Tukashinda 3–1, na goli la mwisho akalifunga Alex Tuch baada ya kumpokonya Eichel mwenyewe. Tuch ndiye tuliyepewa kwenye mabadilishano yale, pamoja na Peyton Krebs na nafasi za kuchagua vijana, na ni mtoto wa upande wa Syracuse aliyekua akiishabikia Sabres. Nilicheka na mimi. Mji huu umezoea kuachwa, viwanda viliondoka, watu wakaondoka, kwa hiyo mtu akisema anataka kwenda huwa mnasikia jambo kubwa kuliko alilosema. Eichel baada ya mechi alisema hajawahi kuusikia uwanja ule una kelele kiasi kile. Alisema kwa kejeli, na ile kejeli sikuipenda. Angenyamaza tu.

Sasa wewe. Hujasaini dola milioni 80. Hakuna atakayekuzomea huko uliko, Columbus nzima, ukihama kutoka kwenye kupakia mizigo kwenda mezani. Meneja wako hakukosa usingizi usiku ule ulipoinua boksi, na ukivunjika ataandika tangazo la kazi kabla hujatoka hospitali. Kuomba kuhamishwa si kuwakimbia wenzako. Hao hao ndio waliokushauri.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwa daktari wiki hii, umweleze kwamba uliumia kazini, neno hilo usiliache, kisha uombe cheti. Ripoti jeraha kwa maandishi, weka tarehe, saa, na uzito wa boksi kama ulikuwa umeandikwa. Ndipo upeleke ombi la kuhamishwa pamoja na nakala ya cheti. Wakikuambia usaini karatasi yoyote, piga picha kwanza, uisome nyumbani. Na lile ombi nitumie kabla hujampa mtu, kwa sababu ukikasirika Kiingereza chako kinakuwa kifupi mno. Jumamosi sina zamu, piga mchana.

Mama yako