Barua kwa mwanangu: mchango wa biriani

Wete, Pemba

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Nimefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako mnataka kukutana kwako Michenzani mpike biriani, nawe umeniuliza kama ni aibu kuwataka wachange. Si aibu hata kidogo, kwani desturi ya kula kikoa tumeikuta kwa bibi zetu. Aibu ni kumwambia mtu "karibu kwangu", akaja akijua yeye ni mgeni, kisha ukamdai fedha na vidole vyake vingali vinanukia samli. Basi mchango utaje siku ile ile ya kuwaalika, pamoja na kiasi chake, ili asiyejiweza apate nafasi ya kukuambia pembeni.

Kwa watu kumi, nawe ukiwa mmoja wao, mchele kilo 2 na nyama kilo 3 vitawatosheni, mbali na vitunguu, tungule, mtindi, viazi, samli na zafarani. Nyama ndiyo itakayokula fedha nyingi, kwa hiyo nendeni sokoni Darajani wawili, bei isikiwe na mwengine asiyekuwa wewe. Ukinunua kopo la samli likatumika robo, watoze robo, kwa sababu iliyobaki utaila wewe. Na zafarani ni vivyo hivyo. Gesi, chumvi na maji ni vya mwenyeji, na mimi sioni uzuri wowote wa kuviandika. Wapo wanaosema mwenyeji asitoe kitu kwa kuwa ametoa jiko lake. Sikubaliani nao, maana nawe utakula. Toa fungu lako sawa na wenzako, ila kuosha masufuria kusiachwe mikononi mwako peke yako.

Yule mwenzako ambaye hajapata kazi, mwombe aje mapema akate vitunguu. Anayeijua biriani anajua kwamba vitunguu vikikatwa vyembamba na sawasawa, vikakaangwa mpaka vikawa vyekundu bila ya kuungua, nusu ya kazi imekwisha, hivyo naye atakuwa amechangia kikweli. Jina lake lisitajwe kwa mtu. Wala usitume katika kundi la WhatsApp orodha ya waliotoa na wasiotoa. Anayechelewa mpigie simu. Atakayeghairi nyama ikiwa imeshanunuliwa, fedha yake haitarudi, lakini mpakulie sehemu yake umpelekee. Chenji ikibaki, hata ikiwa shilingi 500, waulize wenyewe waitakavyo, kwani ni amana yao.

Karafuu, iliki na mdalasini usinunue. Nitakupelekea kwa boti, ukinijulisha siku mliyokubaliana, na usivitie katika hesabu, kwa kuwa huo ndio mchango wangu.

Wasalaam,
Mamaako