Barua kwa vijana wa kriketi wa chuo: siku ya mechi ukiwa nje ya uwanja

Vijana wangu, hamjambo. Mimi ni yule mzee huwa anakaa chini ya mti karibu na skobodi na thamosi yake ya chai, wengine wenu mnaniita guka na ni sawa tu. Nimewaangalia msimu huu, kwa kupiga na kurusha sina maneno mengi, mna kocha, na huyo kijana wenu wa spini, ule mpira wa kuzungusha, akiacha haraka atasumbua watu Nairobi hii. Neno langu ni la wale wako nje.

Hebu fikirieni, timu yenu ikipiga wako wawili tu uwanjani, tisa wamekaa. Mechi ya ova 50, kila ova mipira sita, mnatoka hosteli asubuhi na mnarudi jioni, na masaa mengi ya hiyo siku uko kwa benchi, hapo ndio mimi naona mechi zenu zikipotelea. Huyu ametolewa anarusha glavu, yule ameenda kutafuta smokie, mwingine amezama kwa simu anaangalia odi za mpira wa Ulaya, na anayefaa kuingia hajavaa kitu manake pedi moja iko na mwenye alitoka na huyo jamaa ashaenda kuoga!

Najua pedi ni chache, vifaa ni vile mlivyoachiwa na waliomaliza. Ndio maana ukitolewa, hata kama ampaya amekuonea, vua pedi kwanza umpe anayefuata alafu uende ukanune nyuma ya choo ukitaka. Sheria ya kawaida inampa mpigaji mpya dakika 3 awe tayari kucheza, zikiisha anaweza kutolewa. Angelo Mathews wa Sri Lanka mnamjua, Novemba 2023 pale Delhi kwenye Kombe la Dunia, dakika zilikuwa 2, alikuwa bado hajawa tayari kucheza alafu kamba ya helmeti ikakatika, Bangladesh wakaomba atolewe na akatolewa bila kucheza hata mpira mmoja. Na huyo ni mtu ana helmeti yake, nyinyi mnazungusha. (Ile kinga ya huko chini kila mtu anunue yake jamani, hiyo hatuzungushi.)

Sasa ampaya. Mechi zetu hizi ndogo mara nyingi ampaya anakuja mmoja ama hakuji, timu inayopiga inatoa mtu asimame pale pembeni, na nyinyi kila mara mnasukuma fasti yia, mtoto wa mwaka wa kwanza, ambaye hata anaogopa kepteni. Alafu kepteni anakimbia mkimbio wa pili wa tamaa, vijiti vinaangushwa bati lake likiwa bado hewani, uwanja mzima umeona, na huyo mtoto anatingisha kichwa ati hajatoka. Mnacheka, mnapigana makofi. Mimi hapo huwa nafunga thamosi yangu. Mtumeni mtu mzima wa mwaka wa nne, na kepteni mwenyewe amwambie mbele ya wote, nikitoka inua kidole. Hizi timu mtakutana nazo tena, na ni hizo hizo mnaombanga glavu za kipa zenu zikichanika.

Skobuku pia msiachie mchumba wa mtu aliyekuja kuangalia tu. Kila aliyetolewa aandike ova kumi. Ukiandika kila mpira unaanza kuona vitu, kwamba huyu mrushaji akipigwa mikimbio nne mpira unaofuata anaupunguza kasi, unamnong'onezea anayeingia, hiyo ni mikimbio ya bure.

Watu wa kungoja ndio wametupatia heshima huku kwetu. Pune kule India, Kombe la Dunia 1996, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, na wengi wa wale walikuwa watu wa kazi zao za kawaida wiki nzima, wakawatoa West Indies wote wakiwa na mikimbio 93, na kipa wetu aliyemdaka nyota wao Brian Lara, Tariq Iqbal, alikuwa wa miwani na kitambi, hakuna angemtazama mara mbili. Ama Frank Nsubuga wa Uganda, ameanza tangu miaka ya tisini huko, Kombe la Dunia la T20, mechi za ova 20, limemkuta 2024 ako na miaka 43, akarusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea akaachia mikimbio 4 tu na akapata wiketi 2, yaani alitoa wapigaji wawili. Wewe wa mwaka wa pili unalia ati umebeba maji mechi tatu mfululizo.

Maji yenyewe, beba yakiwa baridi, na toka mbio.

Jumamosi nakuja na helmeti mbili, niliomba kwa rafiki wa klabu. Kepteni anitumie saizi za vichwa kabla ya Alhamisi, na aniambie ni nani atasimama ampaya.

Ni mimi mzee wenu wa thamosi.