Basenji ni neno letu, na maana yake tunaijua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nisahihishe mambo mawili yaliyoandikwa katika makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mbwa wanaofugwa ndani ya nyumba. Mwandishi wenu alieleza kwamba mbwa aitwaye basenji alitengenezwa Uingereza katika miaka ya 1930, na kwamba jina lake, kwa lugha fulani ya Kiafrika ambayo hakuitaja, lina maana ya kiumbe kidogo cha porini. La kwanza si kweli. La pili limenisikitisha zaidi, kwa kuwa lugha hiyo ambayo hakuitaja ni hii hii tunayoandikiana.

Basenji ni washenzi. Neno hilo liliondoka pwani pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wakati waungwana wa mwambao walipowaita hivyo watu wote wa bara. Likafika Ujiji, likavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema na mto Lualaba, mashariki mwa Kongo, na baadaye likaingia vinywani mwa wasemaji wa Kilingala, ambao walilivisha viambishi vyao na kuendelea kulitumia kwa dharau ile ile. Wabelgiji walipoitawala Kongo hawakuhitaji kubuni tusi jipya, maana walilikuta liko tayari: upande mmoja wakawaweka Waafrika waliosoma na kuhesabiwa kuwa wamestaarabika, na upande wa pili wakawaweka basenji, yaani wanakijiji. Mbwa aliyefugwa na wanakijiji hao akaitwa mbwa wa basenji, kisha wageni wakaliacha neno la kwanza na kubaki na tusi peke yake, ambalo leo limeandikwa kwenye vyeti vya nasaba huko Ulaya na Marekani. Msomaji wa London akiambiwa kwamba maana yake ni kiumbe kidogo cha porini, ataamini kwa kuwa hana pa kuhakikisha. Msomaji wa Kiswahili, ambaye tangu utotoni anajua jinsi neno mshenzi linavyouma, hastahili kuelezwa hivyo na gazeti lake mwenyewe.

Nimekulia Mambasa, katika msitu wa Ituri huko Kongo, kabla ya familia yetu kuhamia Kigoma, na mbwa hao nimelala nao kando ya moto. Mjomba wangu alikuwa na jike mwekundu mwenye kifua cheupe, masikio yaliyosimama wima, mkia uliojikunja juu ya nyonga kama pete, na mikunjo ya ngozi kwenye paji la uso iliyomfanya aonekane muda wote ana jambo analolitafakari. Hakubweka hata siku moja. Alipofurahi alitoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, karibu na wimbo, na mvua ikinyesha alijilamba mwili mzima kama paka hadi akakauka. Alizaa mara moja tu kwa mwaka, tofauti na mbwa wengi wa mijini ambao hupata joto mara mbili, na watoto wake waliombwa na watu wa vijiji vitatu kabla hawajafumbua macho.

Kwa kuwa mbwa huyo habweki, mwindaji hawezi kujua yuko wapi ndani ya kichaka. Ndiyo maana Bambuti, wawindaji wa msitu huo ambao mjomba alikwenda nao kuwinda, humfunga shingoni njuga ya mti iliyochongwa na kutobolewa ndani, yenye ndimi za mti pia. Asubuhi, wakati wa kuelekea mahali pa nyavu, mjomba aliijaza njuga majani ili isilie; nyavu zikishatandwa na wanaume wamekaa kimya nyuma yake, aliyatoa majani na kumwachia mbwa, na kutoka hapo tulimfuata kwa masikio mpaka mboloko, wale paa wadogo wa msituni, walipokurupuka na kukimbilia nyavuni. Jioni mbwa huyo huyo alilala ndani, miguuni pa watoto. Sijui mwandishi wenu anamwita nani mbwa wa nyumbani ikiwa huyo si mmoja wao.

Hao ndio waliomfanya mbwa huyu awe alivyo: Bambuti, Wazande, Wamangbetu na jirani zao wa Ituri, Uele na nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, kwa vizazi ambavyo hakuna aliyeviandika. Tafiti za vinasaba zimemweka basenji kwenye matawi ya kale kabisa ya ukoo wa mbwa wa kufugwa, wakati sehemu kubwa ya mbwa wa Ulaya wenye vyeti walipata umbo lao la leo katika karne ya 19, maonyesho ya mbwa yalipoanza kushamiri.

Kilichotokea Uingereza ni kwamba mbwa hao walipelekwa huko, na mara nyingi wakafa. Wa kwanza walionyeshwa kwenye Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1895, lakini hawakudumu kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliondoka Sudan na mbwa sita, na wote sita wakafa baada ya kuchanjwa kinga ya distempa, ugonjwa hatari wa mbwa, wakiwa karantini. Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa katika miaka ya 1930 kupata uzao uliobaki hai, na alipowaonyesha Crufts mwaka 1937 watu walisongamana kumtazama mbwa asiyebweka. Miaka michache baadaye, mwaka 1941, jike mmoja alikutwa Boston ndani ya shehena ya meli iliyotoka Afrika Magharibi, amekonda vibaya mno; akapona, akapewa jina la Congo, na akawa miongoni mwa mbwa wa mwanzo wa aina hiyo nchini Marekani. Chama cha American Kennel Club, kinachosajili nasaba za mbwa nchini humo, kiliwatambua rasmi mwaka 1943.

Makala yenu iliishia hapo, na ndipo nilipoona ni lazima niandike. Mbwa wote hao wa ng'ambo walitokana na wazazi wachache mno, na kwa kuzalishwa ndugu kwa ndugu walianza kuandamwa na magonjwa ya kurithi, hasa ugonjwa wa figo uitwao Fanconi, ambao humfanya mbwa apoteze sukari na virutubisho vingine kwa njia ya mkojo, akanywa maji bila kukata kiu huku akikonda. Dawa ya tatizo hilo haikutafutwa London. Mwaka 1987 Wamarekani wawili, Jon Curby na Michael Work, walifunga safari hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na mwaka uliofuata safari ikarudiwa, ili kupata mbwa kutoka kwa wanavijiji. Mwaka 1990 American Kennel Club kilifungua daftari lake la nasaba na kuwaandikisha mbwa 14 wapya, wakiwemo wenye rangi ya milia ambayo haikuwepo kwenye uzao wa awali. Kwa maneno mengine, walioitwa washenzi ndio walioendewa kuombwa damu safi, kwa sababu wao hawakuacha kuchagua mbwa kwa nguvu, akili na pumzi yake.

Siombi jina libadilishwe, maana limekwisha kuenea na mbwa hana kosa. Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako liandike wazi kuwa basenji ni washenzi, lieleze ni nani waliotukanwa kwa neno hilo, na liwataje kuwa ndio wenye mbwa. Njuga ya mjomba ninayo hadi leo, imeingia nyufa upande mmoja na ndimi zake bado zinalia. Mpiga picha wenu akiihitaji kwa ajili ya ukurasa wa masahihisho, nitaileta mwenyewe ofisini.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Kigoma