Umesaini weiva, sawa, lakini haki ya mtoto haijafa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na ndugu zangu wa huku Marekani, na wale wa nyumbani wanaotuleteaga watoto kipindi cha likizo, kuhusu hizi fomu za weiva, yaani karatasi za kukubali kwamba hutaidai kampuni mtu akiumia, tunazosaini kila tukiwapeleka watoto kwenye trampolini, kuogelea, kupanda farasi, kuteleza kwenye theluji na mengineyo. Hapa Minnesota naona mtoto akivunjika mkono wazazi wananyamaza kabisa, ukiwauliza wanakwambia "si tulisaini", basi yameisha, bili ya hospitali inaanza kulipwa mdogomdogo mpaka mtoto anamaliza shule. Jamani sio hivyo.

Kwanza hakuna sheria moja ya Marekani nzima kwenye hili jambo, kila jimbo lina lake na yanapishana vibaya sana. Virginia mahakama yao ya juu ilisema mwaka 1992 kwamba huwezi kumsamehe mtu mapema kwa uzembe ambao bado hajaufanya na utakaokuumiza mwili, na msimamo huo walikuwa nao tangu 1890 huko kwenye kesi ya reli. Louisiana nao wameandika hivyohivyo kwenye sheria yao ya madai. New York sehemu ya burudani au jimu iliyokutoza kiingilio haiwezi kujificha nyuma ya karatasi kama uzembe ni wake. Sasa vuka mpaka tu uingie Pennsylvania, weiva ileile inaweza ikakubana kweli, maana mahakama yao mwaka 2010 iliipitisha ya sehemu ya kuteleza kwenye theluji. Kwahiyo mtu wa Texas akikushauri kwenye grupu la WhatsApp kwamba "ukisaini umeisha" au "hizo karatasi hazina maana yoyote", mshukuru halafu ukaulize wa jimbo lako.

Hapa kwetu Minnesota kuna kesi moja natamani kila mzazi aijue. Mtoto wa miaka 7 alikwenda mwaka 2007 sehemu ya michezo ya maputo yale makubwa ya kurukia, akadondoka akapiga kichwa sakafuni, fuvu likapasuka. Mama yake alikuwa amesaini. Kijana alipokuwa mtu mzima akafungua kesi mwenyewe, mahakama za chini zikamwambia mama yako alishasaini nenda nyumbani, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hapana, ile fomu ilitaja "madai yote" kwa ujumla tu, haikusema waziwazi kwamba unawasamehe hata uzembe wao wenyewe, kwahiyo haiwakingi. Na tangu 2013 tuna sheria ya jimbo inayosema weiva haiwezi kufuta kosa lililozidi uzembe wa kawaida. California nao walishasema 2007 kwamba uzembe uliokithiri haufutwi kwa saini, hiyo ilikuwa kesi ya msichana mwenye ulemavu aliyezama akiogelea kambini.

Lakini msinielewe vibaya, sisemi karatasi ni bure. Kampuni nazo zina mawakili, zilivyoisoma ile hukumu ya 2022 mnadhani zilikaa kimya? Fomu ikitaja neno uzembe kwa herufi zinazosomeka inaweza kukukata miguu. Hata kwa watoto majimbo yanagombana: Washington mzazi hawezi kusaini haki ya mtoto ikapotea, New Jersey pia hawezi, Colorado mahakama ilisema hawezi mwaka 2002 halafu bunge lao mwaka uliofuata likageuza likasema anaweza, Florida nao wakafanya mchezo kama huo 2008 na 2010, ingawa bunge lao liliruhusu kwa sehemu tu. Ni siasa za watalii na bima hizo, tusidanganyane.

Kitu kinachoniuma zaidi ni vile tunavyosaini. Nenda Jumamosi yoyote yenye bethdei uone: foleni mpaka nje, tableti imefungwa kwenye kaunta, watoto wanalia wanataka zile soksi zenye vidoti, mama hasomi Kiingereza vizuri kwahiyo dada mtu wa miaka 14 ndiye anasukuma skrini kwa kidole haraka haraka na kubonyeza "nakubali" kwa niaba ya ukoo mzima. Kusema hukuisoma au hukuielewa mara nyingi hakukusaidii mahakamani. Halafu shangazi anajaza majina ya watoto wanane ambao wawili tu ndio wake! Nyingi ya fomu hizi zina kipengele kwamba wewe uliyesaini una mamlaka ya mzazi, na wazazi wa mtoto wakija kudai, wewe ndiye utailipa kampuni gharama zake. Yaani umekwenda kula keki unarudi umejifunga deni la mtoto wa jirani. Mwenye mtoto asaini mwenyewe, siku hizi wanatuma hata kwenye simu.

Na kuna kipengele cha usuluhishi, kwamba mkigombana hamwendi mahakamani mnakwenda kwa msuluhishi binafsi. New Jersey kwenye kesi ya 2006 ya mtoto wa skeitibodi walikataa mzazi kufuta madai ya mtoto ila cha usuluhishi wakakiacha kisimame. Hicho watu wanakiruka kabisa wakati ndicho kinachowabana.

Kamati zetu za jumuiya na makanisa nazo ziache kudaunilodi fomu ya Florida na kuipachika kambi ya vijana ya Minnesota, nimeiona moja hata jina la jimbo halikubadilishwa. Kateni bima ya siku hiyo, wekeni mwangalizi anayejua kuogelea, fomu iwe ya mwisho.

Mtoto akiumia mpelekeni hospitali, pigeni picha pale pale kabla hawajarekebisha kilichoharibika, dai ripoti ya tukio na nakala ya ulichosaini, andika namba za waliokuwepo. Mawakili wengi wa kesi za kuumia kuonana nao mara ya kwanza hawakutozi, wanachukua asilimia ukishinda. Na wale mnaoogopa kwa sababu ya makaratasi, kudai fidia ya mtoto ni kesi ya madai, sio kesi ya uhamiaji, ila mwambieni wakili hali yenu mapema. Msikae sana maana muda wa kufungua kesi nao unatofautiana jimbo kwa jimbo, kuna kwingine miaka miwili tu.

Mzazi,
Brooklyn Park, Minnesota