Watoto Wawili wa Atcham

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na mvua. Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho limenikaa moyoni wiki nzima: Kilatini kinanipa nini hata nikikeshee? Ngoja nikuhadithie habari za Marjorie Chibnall, mwanahistoria Mwingereza aliyeutoa umri wake kwa mtu mmoja aliyeandika kwa Kilatini.

Alizaliwa mwaka 1915 Atcham, kijiji kilicho kando ya mto Severn huko Uingereza. Miaka 840 kabla yake, kanisa la kijiji hichohicho lilimbatiza mtoto Orderic, baba yake padri Mfaransa, mama yake Mwingereza. Mwaka 1085, mtoto ana miaka kumi, baba alimtoa kwa Mungu. Alimkabidhi kwa mtawa, baba analia, mtoto analia, akavushwa bahari mpaka monasteri ya Saint-Évroult, Normandia, huko Ufaransa. (Ni Wabenedikto, kama hawa wetu wa Peramiho na Ndanda.) Hawakuonana tena. Jina lake la Kiingereza liliwakwaruza Wanormani masikioni, wakampa la Vitalis. Mwenyewe anasema alikuwa kama Yusufu kule Misri, anasikia lugha asiyoielewa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikumbuka siku ile bwenini, sanduku langu la bati, baba anaishia getini, na wewe ukaja kunishika mkono.

Mtoto huyo ndiye aliyeandika historia ya Kanisa na ya Wanormani, vitabu 13, akamaliza mwaka 1141 akiwa mzee wa miaka 66. Sehemu kubwa ya mwandiko wa mkono wake ipo hadi leo katika maktaba ya taifa, Paris. Nimeutazama kwenye kompyuta, nikakuza ukurasa hadi mstari mmoja ukajaza kioo. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, basi maneno yanabanwa: herufi p ikikatwa mkia kwa kistari, isome per, kistari kikikaa juu yake, ni prae. Kistari kimoja ukikiruka, maana imehama. Na mwishoni mwa kitabu cha nne mzee anasema amekufa ganzi kwa baridi, anaacha kuandika mpaka joto lirudi. Nilijikuta nampa pole kwa sauti.

Chibnall alianza kwa kuchunguza historia ya mashamba ambayo abasia ya Bec, monasteri nyingine ya Normandia, ilimiliki Uingereza, akafundisha vyuo kadhaa, Girton ya Cambridge kikiwemo. Lakini kazi ya maisha yake ni Orderic. Chapa ya historia ile aliyoihariri Le Prévost, iliyotoka Paris kati ya 1838 na 1855, ilikuwapo, naye hakuridhika nayo. Alirudi kwenye miswada yenyewe. Vitabu vya saba na vya nane, ambavyo mwandiko wa Orderic umepotea, vilimpeleka kwenye nakala iliyoko Vatikani. Akatoa juzuu sita, Kilatini upande huu, Kiingereza upande ule, toka 1969 hadi 1980. Na tazama: alianza na juzuu ya pili! Ya kwanza, yenye utangulizi, ilitoka mwisho kabisa. Mimi naona hakutaka kumtambulisha mtu kabla hajamsikiliza hadi mwisho, na kwa hilo namheshimu kuliko kwa vyeo vyote alivyopewa. Alifariki mwaka 2012, ana miaka 96.

Sasa nisaidie. Nimeanza kuutia Kiswahili ukurasa ule wa safari, nimekwama kwenye neno moja. Orderic anasema alifika Normandia exul, yaani mtu aliyetengwa na nchi yake. Nikiandika mkimbizi, hakukimbia. Nikiandika mgeni, mgeni hurudi kwao. Muulize bibi: mtoto aliyepelekwa mbali na wazazi asirudishwe tena, kwenu mlimwitaje? Niandikie upesi, nimeacha nafasi tupu kwenye mstari.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye