Unayemuuguza ndugu Mumbai, toka uuone mji

Ndugu Mhariri,

Watanzania wengi wanaompeleka mgonjwa Mumbai hurudi wakiwa wameijua hospitali, nyumba ya wageni ya jirani na maduka ya nguo, basi. Inaniuma, maana mji ule una mengi ya kuona kwa nauli ndogo tu ya treni.

Nilipokuwa namuuguza mama, dada yangu alishika zamu ya asubuhi, nami nikatoka. Nenda kituo cha Churchgate kabla ya saa sita mchana, usimame nje uwaangalie dabbawala, wachukuzi wa chakula wenye kofia nyeupe. Kazi hiyo ipo tangu 1890. Hushusha makopo ya chakula kilichopikwa majumbani kwa ajili ya watu walio kazini, wakayapanga kando ya barabara na kugawana kwa kusoma alama zilizochorwa kwenye mifuniko: rangi, herufi na namba zinazoonyesha kituo, jengo, hata ghorofa. Punde wanatawanyika, wengine kwa baiskeli.

Mwenye kuweza kudamka afike Sassoon Dock, Colaba, gati la mwaka 1875. Akina mama wa Kikoli, jamii ya wavuvi wa huko, hunadi samaki na kumenya kamba kwa kasi ambayo hata soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, sijaiona. Vaa viatu visivyoteleza, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha.

Nawaomba mawakala wanaosafirisha wagonjwa wawaelekeze wauguzaji sehemu hizi mapema, kabla hawajapanda ndege.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam