Mkono wa Idi, na Habari za Mwezi

Ndugu zangu, wazee wangu, Idi Mubarak. Allah atutakabalie funga zetu na sala zetu, pamoja na dua tulizoomba huku jicho moja likiwa kwenye saa ya magharibi. Mlioondokewa na wapenzi wenu ndani ya mwezi huu, tuko nanyi.

Usiku wa kuamkia leo simu hazikulala. Mwezi umeandama, haujaandama, umeonekana wapi, nani kashuhudia. Na kama kila mwaka, ikasikika ile kauli kwamba hesabu za falaki, yaani elimu ya nyota, ni mambo ya Wazungu yaliyopenyezwa kwenye dini. Kauli hiyo huniudhi, ila kwa kuwa ni sikukuu nitaijibu kwa upole.

Tangu karne ya 9 wanafalaki wa Baghdad walikuwa wakihesabu kama hilali itaonekana au la. Kanuni moja, waliyoipokea kutoka India, ilitaka mwezi utue dakika zipatazo 48 baada ya jua. Ukiwahi zaidi ya hapo, usijisumbue kupanda darini. Khalifa al-Ma'mun naye aliagiza jua na mwezi vipimwe Baghdad, kisha juu ya mlima Qasiyun, Damascus.

Ninayempenda zaidi, lakini, ni Ibn al-Shatir, aliyefariki 1375. Hakuwa na kituo cha kifalme cha kutazamia nyota, kama kile cha Maragha, Iran, kilichoanza 1259 chini ya Nasir al-Din al-Tusi, au cha mtawala Ulugh Beg kule Samarkand baadaye. Yeye alikuwa mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Umayya, Damascus. Yaani mtu wa hesabu alikuwa mtumishi wa msikiti! Saa ya jua ya marumaru aliyoichonga kwa ajili ya mnara wake ni ya mwaka 1371.

Huyu aliukamata mwezi palepale ulipowashinda wengi. Hesabu za Ptolemy, mwanafalaki wa kale aliyeandika kwa Kiyunani, zilizotegemewa kwa zaidi ya miaka 1,000, zilieleza vizuri mwezi uko upande gani wa mbingu, ila zilikuwa na kituko: kwa mujibu wake, mwezi ukiwa nusu huweza kuisogelea dunia kiasi cha kuonekana karibu mara mbili ya ukubwa wake. Mtoto yeyote aliyekaa barazani usiku anajua haiwi hivyo. Ibn al-Shatir akaupanga upya mwendo wake, duara ndogo juu ya duara, na kituko kikatoweka. Karne ya 16 Copernicus, mwanafalaki wa Ulaya, aliandika mpango wa mwezi unaofanana kabisa na huo. Kama ulimfikia, na kwa njia gani, wanahistoria bado wanabishana.

Basi, mliosali leo, pilau na liwe tamu. Mtakaosali kesho, mkono wenu wa Idi upo. Watoto waje kuchukua pesa zao za sikukuu siku zote mbili. Sitauliza mwezi wameuona wapi.

Kulu am wa antum bikheri.